Ukuta Uliokosa Maji

Ufa wa kwanza ulitokea karibu na dirisha la sebule, mwembamba kama unywele, na Mama Mapazia alipouona asubuhi ile hakushtuka. Alifurahi. Aliupitishia kidole kutoka juu hadi chini, kisha akaenda jikoni kubandika chai, na huko akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya birika kama msichana aliyeletewa salamu. Akaona haya. Usichana ulikwisha kumpita zamani. Alikuwa mjane mwenye miwani ya kusomea, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake ya mapazia, na sasa alikuwa ameuharibu ukuta kwa makusudi.

Tusimhukumu upesi. Nyumba ile ilikuwa ya marehemu mama yake: ya kizamani, kuta nene za mawe, dari ndefu, milango ya mbao ngumu ambayo siku hizi huipati hata kwa dawa. Tatizo lilikuwa unyevu. Kuta zilitoa jasho, rangi ilibanduka vipande vipande, nguo kabatini zilinuka uvundo. Kaka yake, mkubwa wake kwa kuzaliwa na kwa sauti, alikuwa na dawa moja tu ya yote hayo: bomoa, jenga upya. Mama Mapazia alikataa. Akamtafuta mtu aliyesifiwa kwa nyumba kuukuu, na mtu huyo ndiye Fundi Chokaa.

Fundi Chokaa alikuwa mrefu, mpole wa maneno, mwenye nyusi ambazo kila jioni zilikuwa nyeupe kwa vumbi la kazi. Siku ya kwanza alizunguka nyumba nzima akizigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, mpaka Mama Mapazia akataka kumuuliza kama mgonjwa atapona. Alisema nyumba haina ugonjwa ila imezibwa pumzi. Mawe yale yalijengwa kwa chokaa, na chokaa huacha unyevu utoke. Miaka mingi baadaye mtu akaja kuyafunika kwa saruji, maji yakakosa njia, yakabaki ndani. Mama Mapazia hakumwambia kwamba mtu huyo alikuwa kaka yake.

Kazi ikaanza, na sheria ya fundi ilikuwa moja: hakinunuliwi kipya kabla hakijatafutwa humo humo ndani. Saruji iliyobanduliwa haikutupwa, ilisagwa ikawa msingi wa njia ya uani. Misumari ya zamani iling'olewa ikanyooshwa. Mbao za dari zilizooza upande mmoja zilikatwa zikawa rafu za jikoni. Matundu ya hewa juu ya milango, yaliyokuwa yamezibwa kwa matambara na magazeti, yakafunguliwa, na upepo ukaingia kuzunguka vyumba hadi feni ikasahauliwa. Mvua iliyokuwa ikimwagika bure toka paani ikashushwa kwa mifereji hadi kwenye tangi. Maji hayo ndiyo yaliyokorogea chokaa.

Na kila siku saa ya mapumziko, wawili hao walikaa kizingitini na vikombe vyao. Mafundi wengine walilala kivulini; wao walizungumza. Fundi alimweleza kwamba mkewe alimwacha kwa sababu alilala zaidi kwenye nyumba za watu kuliko kwake, na alilisema hilo bila kumlaumu mwanamke. Naye akamweleza jinsi mumewe alivyokufa, akaeleza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya ndugu zake. Fundi hakumpa pole nyingi. Alimimina chai yake iliyobaki kwenye kikombe cha mjane, akamwachia. Tangu siku hiyo moyo wa Mama Mapazia haukukaa tena mahali pake.

Lakini hakuna aliyesema neno. Yeye alikuwa mwenye nyumba, yule alikuwa fundi. Na kazi, hata ikiwa nzuri namna gani, ina siku yake ya kwisha.

Ukuta wa sebule ulikuwa wa mwisho. Fundi alikuwa na desturi yake: lipu ya ukuta wa mwisho huipiga mwenyewe, ila kuilowesha humwachia mwenye nyumba. Alisema nyumba isiyo na mkono wa mwenyewe ndani yake hubaki kuwa ya fundi. Akatundika magunia mabichi juu ya lipu, akamkabidhi pampu ya kunyunyizia, akampa masharti: maji asubuhi na alasiri, dirisha lisifunguliwe, magunia yasiachwe yakauke. Chokaa haitaki haraka. Ikikaushwa kwa pupa, hupasuka.

"Ukiona ufa," alimwambia akiwa amekwisha kufika getini, "niite."

Basi. Akaondoka na vyombo vyake.

Siku za kwanza Mama Mapazia alinyunyizia kwa uaminifu wote. Nyumba ilikuwa imetulia mno. Sauti za nyundo zilizokuwa zikimkera zilipokwisha, alisikia cherehani yake mwenyewe kama kitu cha jirani. Alichemsha chai kwa lile birika kubwa la mafundi, kwa mazoea tu, akanywa kikombe kimoja, nyingine akaimwaga. Upepo ulipita kwenye matundu juu ya milango, ukatoka chumba hadi chumba, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba sasa nguo hazinuki. Alikuwa amepona unyevu, akabaki na nyumba nzuri isiyo na mtu.

Asubuhi moja aliyashusha magunia. Akafungua dirisha, jua na upepo vikaingia moja kwa moja. Pampu akaificha chini ya meza ya cherehani, kana kwamba kuna mtu angekuja kuikagua.

Ufa ulipotokea, akampigia simu. Alijitahidi sauti yake iwe ya mteja. Fundi akasema hilo si la kawaida, atakuja Jumamosi. Kisha akaongeza kwamba ni heri, kwani Jumamosi hiyo hiyo alikuwa anataka kuomba ruhusa amlete mgeni. Mama mmoja mwenye hoteli kuukuu, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Alikuwa anatafuta fundi wa kuifufua hoteli hiyo bila kuijaza saruji, kazi ya mwaka na zaidi, na alitaka kwanza kuona kwa macho yake ukuta uliomalizika.

Mama Mapazia akasema karibuni. Akakata simu. Aliirukia pampu, akanyunyizia ukuta mpaka maji yakatiririka sakafuni, akarudisha magunia. Wapi. Yeye alitaka ufa mmoja, ukuta ukampa ukoo mzima. Kufikia Jumamosi nyufa zilikuwa zimetambaa toka dirishani hadi karibu na mlango, zikizaa nyingine kila pembe.

Aliyetangulia kufika siku hiyo alikuwa kaka yake. Hakuwa amealikwa, hajawahi kungoja mwaliko nyumbani kwa mama yake. Aliingia, akasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akautazama kwa muda. Mama Mapazia alitegemea acheke. Hakucheka.

"Nilikwambia, mdogo wangu," alisema taratibu.

"Uliniambia, kaka."

Akasema Jumatatu ataleta watu wake wapige simenti, mambo yaishe. Kisha akaketi, akashusha sauti, na dada yake akajua kwamba lililomleta hasa lilikuwa linakuja sasa. Watu walikuwa wanasema. Kizingiti ni mahali pa kila mtu kuona, na mjane akionekana hapo kila siku na fundi wake, mtaa haungoji kuambiwa. Hata shemeji zake, upande wa marehemu, walikuwa wameuliza.

"Wameuliza nini?"

"Kama nyumba inatengenezwa au inachumbiwa."

Wakati mwingine angecheka. Alitaka kumjibu, lakini geti lililia, na dirishani akaziona zile nyusi. Safari hii hazikuwa na vumbi. Fundi Chokaa alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na kando yake alitembea mama mnene wa makamo mwenye mkoba mkubwa na macho ya mtu aliyezoea kukagua vyumba. Roho ya Mama Mapazia ilimdunda. Hakujua kama ni kwa mapenzi au kwa hofu, na vyote viwili vilikuwa na haki.

Salamu zilikwenda vizuri. Mama mwenye hoteli alisifu njia ya uani, akasifu tangi, akauliza kama mbao zile za rafu kweli zilikuwa dari. Kisha wakaingia sebuleni, wakasimama wote wanne mbele ya nyufa.

Fundi aliukaribia ukuta. Aliugusa kwa upande wa nyuma wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akalishika gunia, akalitazama chini lilikokuwa bado kavu na gumu, maji ya pupa hayakufika. Akalitazama dirisha. Halafu akamtazama mwenye nyumba, na katika kutazamana huko Mama Mapazia aliona kwamba mtu huyu amekwisha kuelewa nusu ya mambo: ameelewa kwamba ukuta haukunyweshwa. Nusu ya pili, ya kwa nini, hakuijua. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na majonzi ya mtu aliyekabidhi kitu chake cha thamani kikaachwa nje.

Akamgeukia mgeni wake. "Mama, nisamehe. Kosa ni langu. Lipu hii niliipiga nene kupita kiasi."

Mama Mapazia alijua huo ni uongo. Lipu haikuwa nene. Alikuwapo, alimwona akiipima kwa kidole kila hatua.

Kaka hakuiachia nafasi. Alisema afadhali mtu mwenyewe amekiri, na kwamba mambo ya chokaa yalikuwa ya babu zetu waliokuwa hawana kingine. Mama mwenye hoteli aliufunga mkoba wake polepole. Hakuwa mkali. Alisema alikuwa na vyumba vingi, kuta ndefu kuliko hii, na wageni wasiopenda kulala wakitazama nyufa.

"Kama sebule moja imekushinda, fundi, mimi nitaanzaje kukukabidhi jengo zima?"

"Una haki, mama," alisema Fundi Chokaa.

Hapo ndipo Mama Mapazia alipoona njia mbili, wazi kama milango ya nyumba yake. Akinyamaza, hakuna hoteli. Hakuna mji wa mbali, hakuna mwaka na zaidi. Fundi atabaki hapa hapa, na ukuta utamrudisha kesho na keshokutwa kuurekebisha, na chai itanywewa. Hakutakiwa kusema uongo wowote. Uongo ulikwisha kusemwa na mwingine kwa niaba yake. Alitakiwa kukaa kimya tu, na kukaa kimya alikuwa amekuzoea tangu aachwe mjane. Akisema, atalirudisha jina la fundi mahali pake, na jina hilo litapanda gari limwache. Alitamani kunyamaza. Alitamani kwa moyo wake wote, na kwa kitambo alinyamaza kweli, akisikia mgeni akiuliza gari la kurudia linapatikana wapi.

Kisha akaona vidole vya fundi. Alikuwa ameviweka tena juu ya ukuta, kwenye ufa ule wa kwanza, anaupapasa bila kujua.

"Lipu si nene," alisema Mama Mapazia.

Wote wakamgeukia.

"Anasema hivyo kunisitiri. Aliipiga sawasawa, akaniachia kazi ya kuilowesha. Mimi nikashusha magunia, nikafungua dirisha."

"Ulisahau," alisema kaka yake upesi, akimpa mlango wa kutokea.

"Sikusahau, kaka. Aliniambia nikiona ufa nimwite. Sasa ufa ulikuwa hauji."

Uso wa Mama Mapazia uliwaka moto, lakini alikuwa amekwisha kuvuka, akajipiga moyo konde akamalizia.

"Nilitaka arudi. Ndiyo hivyo. Mama, katazame vyumba vingine, kuta zote alizilowesha yeye. Ukikuta ufa wa kuingiza hata sindano, mwache."

Mama mwenye hoteli alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Uso wake ulilegea, kwa namna ya mtu aliyekumbuka jambo lake mwenyewe la zamani. "Nionyeshe, mwenzangu," alisema, akaweka mkoba juu ya kiti cha karibu.

Alizunguka chumba hadi chumba, akazigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama alivyofanya fundi siku ya kwanza. Akapandisha mkono kwenye matundu ya hewa. Akafungua kabati, akanusa nguo bila aibu. Aliporudi sebuleni alimuuliza fundi swali moja tu, kama anaweza kuanza Jumanne, na fundi akajibu anaweza. Wala hakumtazama Mama Mapazia alipojibu. Mgeni akaaga, akamshika mkono mwenye nyumba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda zake.

Kaka alibaki amesimama uani, amewapa mgongo. Dada yake alimfuata na kikombe cha chai. Alikipokea, asikinywe. Alikuwa anaitazama ile njia iliyojengwa kwa saruji iliyosagwa.

"Saruji hii niliipiga mimi," alisema. "Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kazi. Mama alikuwa akiwaleta majirani waone. Anawaambia, mwanangu kanifunikia nyumba."

"Najua, kaka. Nilikuwa nakukorogea."

"Mliibandua yote, hamkuniuliza."

Kweli hawakumuuliza. Mama Mapazia alimwomba radhi, na safari hii si kwa adabu tu. Kaka yake alikubali kwa kichwa, kwa shingo upande. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama yule mtu alikuwa anajua.

"Sasa anajua."

"Na anaondoka."

"Anaondoka."

Kaka alimrudishia kikombe. Akamgusa bega, akaenda. Habari za kuleta watu Jumatatu hakuzirudia.

Mama Mapazia alipoingia ndani alimkuta Fundi Chokaa amevua shati lake la pasi, amebaki na fulana, anazipanua nyufa kwa ncha ya mwiko ili zipokee chokaa mpya. Dirisha alikuwa amekwisha kulifunga. Mama Mapazia alichukua ndoo, akamkorogea, maana alikuwa amejifunza. Walifanya kazi muda mrefu, yeye akilowesha, yule akiziba na kusugua kwa kibao, na kila ufa uliofungwa ulimkata moyo, kwani ulikuwa mmoja wa zile alizomuitia.

"Umeniharibia ukuta," alisema fundi hatimaye.

"Najua."

"Ukuta mzuri kuliko wote niliopiga humu ndani."

"Najua. Nisamehe."

Alisugua kidogo. "Ungeniita tu."

"Ningekuita niseme nini?"

"Ungesema njoo."

Lilikuwa neno dogo mno. Mama Mapazia alishindwa kuamini kwamba lilikuwa linamngoja muda wote huo, na kwamba badala yake alichagua kupasua ukuta. Akamuuliza, kwa uchungu kidogo, mbona yeye mwenyewe hakuja.

Fundi aliacha kusugua. "Kabla hujanipigia simu, nilifika mpaka getini. Nilikusikia unashona. Nikajiuliza, nikigonga nitasema nimekuja kufanya nini? Kazi imekwisha. Nikarudi."

"Ungesema umekuja kunywa chai. Nilikuwa naimwaga."

Wakatazamana, na hapo walicheka, wote wawili, kicheko kifupi kilichoishia vibaya. Fundi alinyoosha mkono akamfuta chokaa shavuni. Mkono wake ulikuwa mkavu, wenye nyufa zake mwenyewe, na uliachia chokaa zaidi ya ile uliyoifuta. Mama Mapazia aliushika usiondoke.

"Usiende," ndilo lililomjia. Akalimeza. Mtu huyu alikuwa amelitupa jina lake ili amsitiri. Hakutaka kumdai na hoteli. "Nani atakupikia chai huko?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi tutalingana."

Ukuta ulikwisha jua likiwa bado liko. Fundi alitundika magunia mabichi, akavaa shati, akaichukua pampu kutoka mezani alikoiona, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Asubuhi na alasiri," alisema.

"Dirisha lisifunguliwe."

"Na usinitafutie ufa. Nikirudi, sitaki niwe nimekuja kwa ajili ya ufa."

Akaenda. Mama Mapazia hakumsindikiza hadi getini. Alijua akifika huko hatarudi peke yake.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Aliamka, akanyunyizia. Alishona mapazia ya nyumba za watu, akachemsha chai kwa birika dogo, akanyunyizia tena. Mvua ilinyesha ikajaza tangi, akayatumia maji hayo hayo. Kuna asubuhi alisimama mbele ya dirisha, mkono juu ya komeo, akasikiliza nyumba yote ilivyo kimya, na dirisha hakulifungua. Majirani walimsikia akizungumza ndani wakadhani ana mgeni. Alikuwa anazungumza na ukuta, akiubembeleza usiharakishe.

Chokaa ilikauka kwa hiari yake, nyeupe, ngumu, na asubuhi moja aliyashusha magunia kwa mara ya mwisho. Akavaa miwani yake ya kusomea, akaukagua ukuta toka dirishani hadi mlangoni, juu na chini, akipapasa kwa kiganja. Hakukuta kitu. Hakuwa na kisingizio chochote duniani. Akaketi kizingitini, mahali pa kila mtu kuona, akapiga simu.

Upande wa pili palikuwa na nyundo nyingi na mtu anaita maji. Kisha sauti yake, karibu sana.

"Ukuta umekauka," alimwambia.

"Hauna ufa?"

"Hauna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja," alisema Mama Mapazia. "Njoo."